Hesabu ya usiku wa nne

Uyole, Mbeya, Jumamosi usiku

Mama amelalia ubavu wa kushoto tangu saa 4. Nimemwekea mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti, nikamfunika mpaka mabegani, maana baridi ya Uyole mwezi huu wa Julai inapenya hata chini ya mlango. Hii ni wiki ya tatu tangu tumrudishe nyumbani. Kila siku najiambia nitaandika habari za zile siku 11 za wodini, na kila siku kalamu inakuwa nzito. Leo naandika kabla sijasahau tarakimu, kwa sababu tarakimu ndizo zilizonifumbua macho.

Kiharusi kilimkuta jikoni alfajiri, akiwasha moto. Kibiriti kilimponyoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, na alipojaribu kuniita sauti ikatoka bila maneno. Jirani mwenye bajaji akatukimbiza. Hospitali siitaji jina. Ninachosimulia nimesimuliwa vilevile na watu waliouguza Makete, Ileje na Mufindi, kwa hiyo kukitundika kwenye mlango wa hospitali moja ni kuwaonea waliomo ndani.

Usiku wa kwanza nilikuwa na hasira. Dripu ya mama iliisha, damu ikaanza kupanda kwenye mrija. Niliita, "Sista, dripu imeisha," mara tatu. Nilijibiwa kutoka mbali, "Nimesikia, mama," kisha kimya kirefu. Nilikaa nikitunga moyoni barua ya malalamiko.

Usiku wa pili nikafanya kosa langu mwenyewe. Nilimnywesha mama uji akiwa amelala chali. Sikujua kwamba baada ya kiharusi koo nalo linaweza kupooza, na kwamba mgonjwa hukalishwa kwanza, akajaribiwa kumeza maji kijiko kimoja kimoja kabla hajapewa chochote. Uji ukampalia. Midomo ikabadilika rangi. Sista alikuja mbio, akamgeuza ubavu, akamsafisha kinywa, akamwinua mpaka pumzi ikarudi. Halafu akanigeukia mbele ya wodi nzima: "Nani kakwambia umpe?"

"Nani aliniambia nisimpe?" nikamjibu, natetemeka.

Akanitazama. Nilidhani atapandisha sauti. Akasema tu, "Kweli, hakuna," akarudi kwenye meza yake.

Lile neno "hakuna" lilinikaa. Usiku wa nne, usingizi uliponikataa, nikatoa daftari.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Mtu akiogopa hushika anachokijua, nami nikashika kuhesabu. Wodi ile ya wanawake ilikuwa na vitanda 32 na wagonjwa 38, sita wakiwa kwenye magodoro sakafuni. Zamu ya usiku ilianza saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi, ikiwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Tuseme kila mgonjwa apimwe presha, joto, mapigo ya moyo na upumuaji kila baada ya saa 4. Kumpima mmoja, kuandika kwenye faili na kusogea kitanda cha pili ni dakika 5 kwa mtu mwenye mikono mepesi. 38 mara 5 ni dakika 190. Wasioweza kujigeuza walikuwa 9, mama akiwemo. Hao hutakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo ngozi ya matako na visigino inaanza kufa kwa kugandamizwa. Dakika 5 kila mmoja, tena kwa watu wawili. 9 mara 5 ni 45, na ndani ya saa 4 zamu ya kugeuza inakuja mara mbili, yaani dakika 90. Jumla 280.

Saa 4 zina dakika 240.

Nilirudia nikidhani nimekosea kujumlisha. Na hapo sijaweka dawa hata moja. Sijaweka dripu, kuchoma sindano, kupokea mgonjwa mpya saa 7 usiku, kumwita daktari, kubadilisha shuka, kuandika ripoti, kujibu ndugu kama mimi wanaoita "Sista!" kutoka kila pembe. Yule dada hakuwa akichelewa. Usiku ulikuwa umeshamwishia kabla haujaanza.

Tangu hapo nikaacha kutazama anachofanya, nikaanza kutazama anachoacha. Sindano haiachwi. Ina saa yake kwenye karatasi na daktari ataiuliza asubuhi. Kinachoachwa ni kile kisichoulizwa: kumgeuza mtu, kumsafisha kinywa, kumweleza ndugu kwamba asimpe uji, kusimama kitandani dakika mbili na kuona kwamba anapumua tofauti na jioni. Hicho cha mwisho nadhani ndicho kiini cha uuguzi. Daktari anapita mara moja asubuhi. Anayejua kwamba mgonjwa wa kitanda cha 14 ameanza kubadilika ni yule anayekaa naye, na asipokuwepo wa kukaa, mabadiliko yanaonekana yakiwa yamekwisha kuwa msiba.

Nikiwa na simu mkononi nilitafuta kama kuna aliyewahi kupiga hesabu hii kabla yangu. Yupo. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, wagonjwa zaidi ya 400,000 waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 za kulazwa. Mgonjwa mmoja tu wa nyongeza. Jimbo la California lina sheria inayotaka muuguzi wa wodi ya kawaida asizidishiwe wagonjwa 5. Nilisoma hayo nikainua macho, nikawatazama 38 wakiwa wamefunikwa blanketi zao za nyumbani.

Usiku wa sita alifariki bibi wa kitanda cha dirishani. Aliyekuwa akimuuguza ni mjukuu wake, msichana wa umri wa darasa la sita, analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Saa 10 na dakika 20 alfajiri yule mtoto aliamka kwenda msalani, akamgusa bibi, akamkuta wa baridi. Sista alikuja na tochi, akapima, akafunga macho ya marehemu kwa mkono wa taratibu sana. Kisha akaandika kwenye kitabu: saa 10:20.

Ile ilikuwa saa aliyokutwa. Saa aliyokata roho hakuna aijuaye katika dunia hii. Nimefundisha hisabati miaka 16, na sijawahi kuona tarakimu iliyonisumbua kama ile. Kwa karibu saa nzima iliyofuata muuguzi na mhudumu walikuwa na marehemu, kumsitiri na kumpeleka mochwari, na sisi 37 tuliobaki, nasema sisi kwa kuwa ndivyo nilivyojiona, tulikuwa peke yetu.

Alfajiri ile ile, alipokaa kujaza ripoti, nilimpelekea chai ya chupa. Ni mtu wa Musoma, ana miaka mitano kazini. Nikamuuliza mko wangapi wodi hii. "Kwenye karatasi tuko 7, mwalimu," akasema. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Mmoja yuko masomoni. Mmoja amechukuliwa kwenye kampeni ya chanjo. Waliobaki wanne wagawane asubuhi, mchana, usiku na siku za kupumzika. Nikafanya hesabu palepale, kidole kwenye meza. Wiki ina saa 168. Mtumishi akifanya kazi saa 40 kwa wiki, kiti kimoja kisichotakiwa kubaki wazi usiku na mchana kinahitaji watu 4 na ushei, na ukiweka likizo na kuugua ni 5. Watu 5 ili kiti kimoja kiwe na mtu! Sikuwahi kuliwaza hilo. Nikisikia zamani kwamba wodi ina wauguzi 7 nilikuwa nawaona saba wamesimama.

Kuna jambo sitalifunika. Watu wa huku wanalalamikia lugha za wauguzi, na nyingine nimezisikia kwa masikio yangu: mama mjamzito kuambiwa maneno yasiyorudiwa hapa. Uchovu hauhalalishi kumdhalilisha mtu aliye uchi mbele yako. Lakini nimeona pia jinsi upole unavyotumia muda. Kumwambia mgonjwa "pole mama, nakuja, namalizia huyu" na kweli kurudi, ni dakika. Kwenye zile 240 haimo.

Mama mdogo alipokuja kututembelea siku ya saba kutoka Tukuyu, alisimama mlangoni mwa wodi kwa muda kabla ya kuingia. Yeye ni muuguzi mstaafu. Aliajiriwa mwaka 1982, na anasimulia kwamba barua ya kupangiwa kituo ilimkuta chuoni. Alimaliza masomo akiwa anajua zahanati atakayokwenda. Amefanya kazi Rungwe, kisha Kyela, kisha Rungwe tena, akastaafu 2018. Nilipomwonyesha daftari langu alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama anayesahihisha.

"Umesahau kitu, mwanangu," akasema. "Hawa wote 38 wametoka wapi?"

Nikamwambia wametoka majumbani. Akatikisa kichwa. Akanieleza zahanati ya muuguzi mmoja. Huyo mmoja akienda wilayani kuchukua chanjo, mlango unafungwa. Akiitwa kwenye semina, unafungwa. Akimsindikiza mama mwenye uchungu kwenye gari la wagonjwa kupandisha milima, unafungwa mpaka arudi, na masika barabara zetu mnazijua. Mgonjwa wa presha akikuta kufuli mara mbili, mara ya tatu haji. Dawa zinamwishia. Miezi inapita, mishipa inapasuka, analetwa mjini na bajaji akiwa hawezi kusema. Hapo nikamtazama mama. Vidonge vya presha vilikuwa vimemwishia kijijini tangu Machi, wakati alipokuwa akiishi na kaka, na alipokuja kwangu hakuniambia. Alikwenda zahanati mara mbili.

Siwezi kusema kufuli ndilo lililompoozesha mama. Angeweza kuniambia, nami ningeweza kuuliza. Ila nimeacha kuiona zahanati ya kijijini na wodi ya mjini kama vitu viwili. Kitanda kinachokosekana huku juu kilianza kukosekana kule chini.

Mama mdogo ana maelezo yake kuhusu tulivyofika hapa, na nayaandika kama alivyoyapanga. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi na kusimamisha ajira kwa miaka kadhaa katika kuurekebisha uchumi. Kizazi chake kikabaki kazini bila wadogo wa kuwarithisha, na kilipoanza kustaafu pengo likaonekana lote kwa mpigo. Wakati huohuo, mpango wa serikali wa 2007 wa maendeleo ya afya ya msingi, MMAM, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Watu walijitolea mawe na mchanga, yeye mwenyewe alibeba. "Jengo linasimama kwa mwaka," alisema. "Muuguzi anasomeshwa miaka mitatu, na kumpata ni bajeti ya kila mwezi mpaka astaafu. Jengo ukishalipa umelipa."

Na wajawazito wamekuja, jambo ambalo ni la kushukuru. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha asilimia 63 ya watoto wakizaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 81, na vifo vya uzazi kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mama mdogo alilia aliposikia namba ile ya pili redioni. Lakini yeye ni mkunga, anajua kinachotakiwa nyuma ya namba: mama akishika uchungu wenyewe, mapigo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Mkunga mmoja mwenye akina mama watano wenye uchungu, mmoja wao akianza kusukuma, anawaacha wanne. Afanyeje? Huku kwetu nyanda za juu kuna mzigo mwingine wa miaka mingi. Katika utafiti wa VVU wa 2022-23 Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 ya watu wazima, Taifa zima likiwa na asilimia 4.4. Kila anayemeza dawa hizo kila siku anahitaji mtu wa kumpokea kliniki, kumpima, kumsikiliza. Mikono ileile.

Sasa nifike kwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Ana stashahada ya uuguzi na ukunga tangu 2021. Ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, anayoihuisha kwa pesa yake. Amejitolea kwenye kituo cha afya miezi 14 kwa nauli tu, na kuna siku nauli haikutoka. Kila ajira za afya zikitangazwa anaomba. PDF ya majina ikitoka anaifungua usiku, anatafuta jina lake kwa herufi, halafu anazima simu. Siku hizi yuko Mwanjelwa kwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwa simu. Ile tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, sehemu ya fedha zake ilijenga vituo vya afya kwenye tarafa. Yeye amekaa kibandani akihesabu miamala ileile, na leseni yake ipo kwenye bahasha ya kaki chini ya droo ya pesa.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na pengo la milioni 5.8. Nikisoma namba hiyo naona kama wauguzi hawajazaliwa. Lakini pengo la wodi yetu lina jina, lina leseni, lina chumba cha kupanga Ilomba. Nasema kwa uchungu na bila kumung'unya: tunaposema "wauguzi hawatoshi" tunaficha kitu. Waliosoma wapo na wagonjwa wapo. Kinachokosekana ni kiti chenye mshahara katikati yao. Wenzake watatu aliosoma nao wanaulizia namna ya kwenda Uarabuni, na siwezi kuwalaumu, ingawa Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 55 ambazo shirika hilohilo liliomba mwaka 2023 zisichotwe ovyo wahudumu wake wa afya.

Mpaka hapo pengo linazibwa na nani? Na sisi. Kwa siku zile 11, vidato viwili vya shule yangu havikuwa na mwalimu wa hisabati. Yule mjukuu wa kitanda cha dirishani hakuwa darasani. Wifi mmoja wa Mbalizi alifunga genge lake kwa wiki mbili, nyanya zikaoza. Hakuna mahali hayo yanapoandikwa kwamba ni gharama ya uuguzi. Na asiye na ndugu? Karibu na mlango alilazwa mama mmoja aliyeletwa na wasamaria. Tulimgeuza kwa zamu, mimi na yule wifi, tulipokumbuka. Siku ya tisa mhudumu alipomvua shuka nikaona kidonda kwenye kiuno, upana wa kiganja. Tulimgeuza tulipokumbuka. Sentensi hii inanichoma, kwa kuwa tulikuwa na nia njema na hatukuwa wauguzi.

Siku hiyo ya tisa pia mama alitoa neno la kwanza. Lilimtoka kwa Kinyakyusa, na hakunielekezea mimi. Sista wa Musoma alikuwa amemfuta uso. "Ndaga," mama akasema, nusu ya mdomo.

"Amesemaje?"

"Amekushukuru."

Sista alikaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwona anahesabu moyoni kama anaweza kukaa. Alikaa dakika nzima.

Mdogo wangu amehamia kwangu tangu turudi. Mchana yupo kibandani, jioni anashika kazi yake halisi. Siku ya kwanza aliomba daftari la hesabu, lile la mraba, akachora jedwali kwa rula: saa, ubavu, ngozi, alichokula, mkojo, presha. Alinionyesha namna ya kushika bega na nyonga kwa pamoja ili ngozi isikwaruzwe na shuka, akanifanya nirudie mara nne mpaka akaridhika. Ngozi ya mama ni nzima. Jana alishika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Kuna nafasi za afya zimetangazwa tena wiki hii. Ameshapakia vyeti vyake kwenye mfumo, akalala mapema. Saa 8 ni zamu yake. Ya saa 6 ni yangu, na zimebaki dakika 10. Naenda kumgeuza mama alalie kulia, niandike saa niliyomgeuza.